Siku Niliyolisafisha Jua

Mwaka ule tulikula ugali wa njano. Aliyekuwa Nairobi anajua ni mwaka gani, hana haja ya kalenda: mvua ilikataa, unga mweupe ukapotea madukani, yakaletwa mahindi ya njano kutoka ng'ambo, na watoto wakakaa mbele ya sahani wakilia kwamba hicho ni chakula cha kuku (na kuku wenyewe walikuwa wakikitazama kwa jicho moja). Mimi nilikula nikashiba, na nikiwa nimeshiba hivyo hivyo nikafanya jambo lililonifanya niitwe Mama Fua-Jua kuanzia mtaa wetu wa Jericho mpaka soko la Gikomba, jina ambalo halijanitoka hata sasa nina wajukuu wenye ndevu. Aibu ni yangu na nimeivaa miaka mingi, kwa hiyo acheni niisimulie mwenyewe, maana watu wengine wakiisimulia wananiongezea ujinga ambao hata sikuwa nao.

Kwanza mjue kazi yangu. Nilikuwa nauza mitumba Gikomba, blauzi na magauni ya watoto, na sifa yangu sokoni ilikuwa moja tu: nguo ya Mama Wambui haina doa. Wenzangu waliuza nguo kama ilivyotoka kwenye belo. Mimi niliibeba nyumbani, nikaitazama kwenye mwanga, na doa nikilikuta, liwe la chai, la kutu, la wino au la damu, nilikuwa silali. Nilikuwa na ndimu, jivu, chumvi, mafuta ya taa, sabuni ya mche, kila doa na dawa yake. Shule niliishia darasa la tatu, lakini kwa madoa ningekuwa profesa, na nasema hivyo bila haya.

Sasa Wambui. Huyu ni kifungua mimba wangu, na ndiye msichana wa kwanza katika laini yetu ya nyumba kuingia chuo kikuu, na mwaka huo alikuwa amalize. Alisomea fizikia. Chuoni kwao kulikuwa na darubini kubwa ya kutazama nyota, naye alipewa kazi ya kuitengenezea kifaa cha kufungwa nyuma yake. Aliniambia darubini peke yake inakuonyesha nyota ni nukta tu, lakini ukiupasua mwanga wa ile nukta, ukazipanga rangi zake zote kwa mstari, unaweza kujua nyota imeumbwa na nini bila kutoka hapa Nairobi. Kifaa chenyewe kinaitwa spektrografu. Jina hilo nililikariri wiki nzima nikitembea kwenda sokoni, silabi kwa kila hatua, ili nikatambe nalo kanisani.

Msidhani ilikuwa kazi ya siku moja. Kisanduku cha kwanza kilichongwa na fundi wa Gikomba kwa mbao za saipresi, kizuri, kizito kama jeneza la mtoto, na Wambui alipokipima akashika kichwa. Kikifungwa kwenye darubini, alisema, itainama kama punda aliyechoka. Tena mbao zilikuwa mbichi. Nilipowasha jiko la makaa karibu nazo zikajipinda, na mwanga uliotakiwa kwenda mbele ukawa unaenda kwa jirani. Cha pili akakiunda mwenyewe kwa plaiwudi nyembamba, akakikaza pembeni kwa vipande vya chuma alivyovitoboa mashimo mashimo ili vipungue uzito. Mbele akaweka nyembe mbili zinazotazamana makali kwa makali, zimeachiana upenyo mwembamba wa kupitisha mwanga. Lenzi alizitoa kwenye kamera kuukuu niliyomtafutia sokoni (kwa hiyo kama kuna mtu anasema sikusaidia, huyo ni mwongo). Ndani akapaka rangi nyeusi isiyong'aa.

Nikamwambia, "Mwanangu, rangi hii imekufa. Haina mng'aro."

"Ndivyo ninavyoitaka, Mama. Iking'aa, mwanga utarukaruka humo ndani."

Basi nikamwacha apake, ingawa moyoni niliona ni rangi iliyopunjwa.

Lakini roho ya kile kifaa ilikuwa kioo kimoja kidogo, ukubwa wake kama kiberiti. Hicho kilitoka ng'ambo, na Wambui alikuwa ameazimwa na mwalimu wake, mtu tuliyemwita Daktari (si wa sindano, ni wa vitabu). Kilikuwa kimechorwa mifereji mingi sana, imebanana kiasi kwamba macho hayaioni, na ukikigeuza kinabadilika rangi kama shingo ya njiwa. Kioo hicho ndicho kinachoupasua mwanga. Wambui alikishika pembeni kwa ncha za vidole kama mtu aliyeshika yai la mtu mwingine, na aliniambia mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, "Mama, ukitaka kuchungulia, chungulia. Kugusa, hapana."

Chuo kikafunga kwa likizo, chumba cha kazi kikatiwa kufuli, naye akakileta kifaa nyumbani akimalizie hapo. Daktari akakubali kuja Jericho Jumamosi alasiri akakipime kwa jua, maana jua nalo ni nyota, ila iko karibu. Akiridhika, kinakwenda kwenye darubini. Asiporidhika, chuo kitaagiza kingine ng'ambo, na Wambui atarudia mwaka. Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa, na mimi nilijua.

Kwa kuwa nilijua, nikaalika watu. Ndiyo. Mtu mwenye akili angefunga mlango, lakini mimi nilialika akina mama wa kanisa, nikamwalika Mama Zuhura wa mlango wa pili, nikaalika hata wale vijana waliokuwa wakishinda kwenye ukuta wa duka, wapate kuona mtoto wa mitumba alivyopasua jua. Nikakaanga mandazi (ugali wa njano singempa mgeni mwenye suti), nikaazima viti, nikavipanga, vingine ndani, vingine uani.

Ijumaa nilikuwa nimechungulia. Wambui aliweka kisanduku mezani karibu na dirisha, nje akategesha kioo cha kujitazamia ili kilirushe jua kwenye zile nyembe, nikainama, nikaweka jicho. Wenzangu! Upinde wa mvua mzima ndani ya kisanduku, nyekundu mpaka zambarau, safi, laini, kama satini mpya. Nilitoa machozi, na mimi si mtu wa machozi.

Jumamosi asubuhi Wambui akazifinya zile nyembe, akasogeza lenzi kidogo kidogo, akachungulia, akasogeza tena. Mwisho akapiga kelele ya furaha, akanibusu paji la uso, akaenda kuoga, kisha mchana akatoka kwenda kumpokea Daktari kwenye kituo cha basi. Hakunieleza alichoona. Pengine alitaka kunishangaza mbele ya wageni.

Nikabaki peke yangu na kisanduku. Nikasema, nichungulie tu kidogo, nione kama kiko tayari. Hapo ndipo nilipopotea.

Kilikuwa kichafu! Upinde wangu wa jana, ule uliokuwa safi kama shuka ya arusi, leo ulikuwa umepigwa mistari myeusi, myembamba, imesimama wima kama nywele zilizoanguka kwenye kitambaa. Kwenye nyekundu ulikuwepo mmoja umejisimamia. Kwenye njano ilikuwepo miwili imekaa pamoja kama mapacha, na katikati yao uwazi mdogo kabisa. Huku kwenye buluu na zambarau sitaki hata kusema, ilijaa kama meno ya kitana. Moshi, nikajiambia. Moshi wa mandazi yangu umeingia ndani, na mtu wa suti yuko njiani, na akina mama wa kanisa wanakuja, na wote watasema nyumba ya Mama Wambui ina madoa mpaka kwenye jua.

Nikaanza kwa adabu. Nikafuta lenzi ya kuchungulia kwa pindo la leso. Mistari ipo. Nikafuta kioo cha dirishani. Mistari ipo, tena inanitazama. Nikasema, ala, kumbe uko ndani, nikachukua kisu cha mkate nikafungua skrubu za kifuniko, nikakitoa kile kioo cha kuazima.

Mama Zuhura akaingia wakati huo, sinia mkononi, amevaa buibui lake zuri la wageni.

"Mama Wambui, wafanya nini?"

"Natoa uchafu. Njoo uone."

Akakitazama kile kioo kidogo kwenye mwanga. "Mbona mimi nakiona ki safi?"

"Wewe hujui madoa. Liko doa la kujificha."

"Mimi miwani ya Baba Zuhura naiosha kwa sabuni na maji vuguvugu," akasema. Maskini, alikuwa ananisaidia.

Sabuni ikaja. Na niseme kwa kujitetea kwamba sikusugua kama mtu anayesugua sufuria. Nilikipulizia pumzi, nikatia povu kidogo, nikakizungushia kitambaa katikati polepole, kama unavyotoa doa kwenye hariri, kuanzia nje kuja ndani. Kitambaa kikatoka na kijivu kijivu. "Unaona?" nikamwambia Mama Zuhura. "Uchafu huo!" (Nilichokuwa nimekishika kwenye kitambaa, wenzangu, ilikuwa ile mifereji yenyewe.) Nikakikausha, nikakirudisha mahali pake, nikakaza skrubu, nikachungulia.

Mistari imetoka! Yote! Kweli rangi nazo zilikuwa zimepauka, zimekuwa kama ukungu wa asubuhi wenye homa, lakini mistari haikuwepo, na mfuaji yeyote atakwambia nguo ikitoka doa hupauka kidogo, ni kawaida. Nikafunika mandazi, nikajipaka mafuta usoni, nikakaa mlangoni kama mama wa bibi arusi.

Wakafika. Daktari alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye kiatu kilichopigwa rangi vizuri, na hilo nililiona kabla ya uso wake. Akina mama wa kanisa walikuwa wamekwisha kaa. Vijana wa ukutani walikuwa wamejaa mlangoni. Wambui akavuta pumzi aanze kueleza, na mimi, kwa vile mdomo wangu haujawahi kuwa na kifuniko, nikasimama nikamtangulia.

"Daktari, karibu sana. Hii ni spektrografu." (Nililitamka bila kukosea, na mwenyekiti wetu wa akina mama wa kanisa akatikisa kichwa kwa heshima.) "Mtoto amefanya kazi usiku na mchana. Ilikuwa imeingia uchafu kidogo ndani, mistari mistari hivi, lakini usijali, nimeshausafisha wote."

Akina mama wakapiga makofi. Wawili wakapiga vigelegele.

Wambui hakupiga. Nilimwona akigeuka kunitazama polepole, kama mlango mzito, na rangi ya uso wake ikawa ile ya majivu ninayotumia kutolea kutu.

"Mama. Umesafisha nini?"

"Mistari."

"Kwa kitu gani?" Halafu akajijibu, "Kwa sabuni," maana harufu ilikuwa bado iko mezani.

Daktari akainama, akaweka jicho. Akakaa hapo. Akarekebisha. Akakaa tena. Nikasikia mpaka mandazi yakipoa. Alipoinuka akasema kwa sauti ya chini, "Sioni kitu cha kupima. Ni ukungu."

Hapo ndipo jambo lilipoanza kuniingia akilini, si lote, kwa vipande. Daktari hakunikaripia, na ningependa angenikaripia. Alivuta kiti akaniambia ile mistari haikuwa uchafu. Ile mistari ndiyo kazi yenyewe. Jua lina vitu vinavyoungua ndani yake na vingine vinavyoelea juu yake, na kila kitu kinakata rangi yake kinapopitiwa na mwanga, kikaacha mstari mweusi mahali pake, kila kitu na mstari wake, na anayeujua anausoma kama jina mlangoni. Ijumaa, nyembe zilikuwa zimeachana sana, ndiyo maana sikuona mistari. Asubuhi ile Wambui alikuwa amezifinya mpaka mistari ikajitokeza, na kile kilio chake cha furaha kilikuwa cha hiyo mistari.

"Kwa hiyo nimefuta..." nikasema.

"Mathe amefua jua!" akapaza sauti kijana mmoja mlangoni, na watu wote, ndani na uani, wakaangua kicheko, mwenyekiti wa kanisa akiwa wa kwanza, akijipigapiga kifua.

"Na mwezi je, mathe?" akadakia mwingine. "Huo uko na madoa mob, kibao, tuuteremshe?"

Cheka wewe. Mimi nilikuwa namtazama mtoto wangu. Hakuwa akilia. Alikuwa amesimama ameshika ukingo wa meza, na mwaka wake mzima ulikuwa kwenye kitambaa changu.

Daktari akaniuliza, nadhani kwa kunihurumia tu, "Mama, hiyo mistari uliionaje?"

Nikamweleza. Sikuwa na cha kuficha tena. Nikamwambia ule wa kwenye nyekundu, peke yake, na yale meno ya kitana. Nikamwambia mapacha.

"Mapacha gani?"

"Wa kwenye njano. Miwili, imekaribiana hivi." Nikamwonyesha kwa kucha. "Na katikati uwazi."

Daktari akamgeukia Wambui. "Uliitenganisha ile miwili? Kwa kisanduku hiki cha plaiwudi?"

"Asubuhi, Daktari. Ilikuwa imetengana kabisa."

Akavua miwani, akaivaa tena. Baadaye Wambui alinifafanulia kwamba wale mapacha ndio mtihani: kifaa kibovu kinawaonyesha kama mstari mmoja mnene, kizuri tu ndicho kinawatenga. Lakini Daktari alikuwa mtu wa haki, na haki haina huruma. "Siwezi kupitisha kifaa kwa maneno ya mama mzazi," akasema. "Lazima niione mwenyewe. Leo, maana Jumatatu ndiyo siku ya kuamua."

Wambui akachukua bisibisi. Akakitoa kile kioo, akakisogeza mwangani, akakiinamisha huku na huku, na mimi nikaona alichoona: katikati palikuwa pamekufa, rangi ya bati kuukuu, lakini kando kando, kule ambako kitambaa changu cha mtaalamu hakikufika, bado palikuwa na ukanda wa shingo ya njiwa.

"Pembeni ni pazima," akasema. "Nikifunika katikati, mwanga utapungua, lakini utakuwa safi."

Akakata karatasi nyeusi iliyofungiwa filamu, akaifunika sehemu niliyoiua. Na sasa shida ikawa jua lenyewe, kwa sababu lilikuwa limeanza kuhama dirishani. Mwanga umepungua halafu jua nalo linaondoka!

Basi hapo mngeona akina mama wa Jericho. Mwenyekiti akafunga leso kiunoni, akasema, "Meza itoke nje!" Wakaibeba hivyo hivyo, wanne, polepole kama waliobeba sanduku la agano, Wambui akitembea pembeni ameshikilia kisanduku. Uani shuka za watu zilikuwa kwenye kamba, zinaziba jua. Mama Zuhura akazikunja mikononi, mbichi vile vile, buibui lake zuri likalowa kifuani. Vijana wa ukutani wakashika kioo cha kujitazamia, mmoja akipanda juu ya pipa la maji, wakibishana, "Leta kushoto! Si hiyo kushoto, ile ingine!" Kila mtu alikuwa na kazi.

Mimi nilisogea nishike mguu wa meza.

"Mama!" Wambui alisema kwa ukali ambao sijawahi kuusikia kwake tangu nimzae. "Kaa hapo. Ikalie mikono yako."

Nikakaa kwenye kigoda, nikaikalia mikono yangu. Mwanamke mzima, mbele ya kanisa.

Wambui alisogeza lenzi, akafinya nyembe, akangoja wingu lipite (wingu mwaka ule, la kwanza baada ya miezi, lilichagua saa hiyo). Likapita. Akachungulia, akarudi nyuma, akampisha Daktari.

Alikaa kwenye kile kisanduku muda ambao niliomba Mungu kwa lugha zote ninazozijua. Kisha, akiwa bado ameinama, akainua mkono hewani na kutoa vidole viwili.

"Miwili," akasema. "Imefifia, lakini ni miwili."

Zile shuka mikononi mwa Mama Zuhura zilianguka mchangani na hakuna aliyejali. Vigelegele vilifika mpaka sokoni. Wambui alikuja akapiga magoti mbele ya kigoda changu, akacheka na kulia kwa pamoja, akaniambia, "Sasa unaweza kusimama," nami nikakuta mikono imekufa ganzi siwezi hata kumkumbatia.

Kifaa kikapita. Kioo kipya kikaagizwa baadaye, na Daktari akakubali cha zamani kitumike na karatasi yake mpaka hapo. Mimi nikabaki na jina langu. Sokoni mteja akishika blauzi akaona kistari, mwenzangu wa kibanda cha pili anamwambia, "Usimwambie huyo akitoe, atatoa na jua." Nilikoma pia kufungua vitu vya watu. Mtoto akiniletea redio imekwama, namwambia mpelekee fundi. Nimejifunza, wenzangu, kwamba macho yangu yanajua madoa ya nguo, na mengine yote duniani yana wenyewe.

Siku kifaa kilipofungwa kwenye darubini, wazazi tulialikwa. Ilikuwa mchana, jua kali, watu wa suti wengi. Kifaa kilikuwa kimefunikwa kwa kitambaa cheupe, kimepigwa pasi, na Daktari akatoa hotuba fupi, kisha mbele ya wote akanigeukia akitabasamu. "Tunamwomba mama mzazi aje akiondoe kitambaa."

Watu wakapiga makofi, wakanipisha njia. Nikabaki pale pale nilipo.

"Kitambaa sishiki," nikasema.

Wakacheka wakidhani ni mzaha. Wambui akanijia, akanishika kiwiko, akaninong'oneza, "Mama, ni kukivuta tu. Hakuna cha kuharibika. Watu wanangoja."

Nikamtazama, nikakitazama kile kifaa chake, nikaiweka mikono yangu nyuma.

"Kitambaa sishiki."